Miisho Aliyoibadilisha Hakimu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Daftari hili si langu, ni la mdogo wangu, ila limebaki na kurasa nyingi tupu na sikuona sababu ya kuzitupa. Kurasa za mbele zimejaa mwandiko wake. Alikuwa na kibanda cha filamu karibu na stendi, alikodisha, alinakili, na mteja akiuliza "hii ikoje?" alitoa hukumu papo hapo, ndiyo maana watu wakamwita Hakimu. Kila filamu aliyoitazama aliiandikia mstari mmoja au miwili. Kwake zilikuwa za aina tatu tu: za roho juu, za kutisha, na za kulia.

Ukurasa wa kwanza: "Ya roho juu. Nusu saa nzima watu wanafungua na kufunga milango. Ukiivumilia milango, utafurahi."

Chini yake: "Ya kutisha. Jini lenyewe limevaa viatu vya dukani. Halimtishi hata kuku."

Tulimzika wiki sita zilizopita. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona aibu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Msimamizi amekubali niingie zamu ya asubuhi, niwe natoka saa nane. Sasa mchana mama hatakaa peke yake.

Jumapili, 10 Machi

Mama haoni. Presha ya macho ilianza na jicho moja, mwaka uliofuata ikamaliza la pili. Tangu hapo, msimu wa mvua, Hakimu alikuwa anakuja kila alasiri, maana mvua ikinyesha kibandani hapana mteja. Anaweka filamu, anamsimulia mama kinachoonekana. Mama anasikia vishindo, vilio na muziki. Lugha yao haijui. Macho yalikuwa ya Hakimu. Mimi nikirudi jioni nawakuta wanabishana juu ya mtu ambaye hayupo duniani. Nilikuwa napita moja kwa moja jikoni. Siku moja niliwaambia, "Nyinyi hamna kazi."

Leo mama ameuliza, "Lile sanduku la filamu liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu, mama."

"Basi lilete. Au na lenyewe limekufa?"

Nikalileta.

Jumanne, 12 Machi

Ya roho juu. Dereva wa lori anaokota sanduku barabarani, wenye sanduku wanamtafuta. Maoni yangu: angeliacha.

Nilisimulia vibaya. Mama alinikatiza kila dakika.

"Amevaa nini?"

"Shati."

"Shati gani? Wewe si mshonaji?"

"La mikono mirefu, mama. Kola imechanika upande wa kushoto, kifungo cha pili hakipo."

"Haya. Sasa namwona."

Mwishoni akasema, "Unasimulia kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mwenzako alikuwa anahema pamoja nao."

Alihema kweli. Alikuwa na pumu tangu mdogo. Tulilala kitanda kimoja, na kifua chake kilikuwa kikilia kama birika linalokaribia kuchemka. Nilizoea mlio ule hata ukikatika ndipo ninapoamka.

Jumamosi, 16 Machi

Niandike jambo lenyewe, maana sina pa kuliweka.

Siku aliyokufa, mdogo wangu alinipigia simu mara tatu. Karakana yetu ya sare za shule iko ng'ambo ya barabara ukitoka stendi, kwa miguu ni dakika nne, na duka la dawa liko ukuta kwa ukuta nasi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Hilo nililijua baadaye. Alikuwa na tabia ya kunipigia nikiwa kazini: "Dada, nimetazama moja hapa, sikiliza." Nikaona jina lake kwenye kioo, nikasema kwa sauti, "Hakimu na kesi zake." Wenzangu wakacheka. Nikaigeuza simu kifudifudi. Aliyemkuta ni fundi viatu wa kibanda jirani, saa kumi kasoro.

Mama hajui. Kila anayekuja kutupa pole anaambiwa maneno yale yale: "Ilikuwa ghafla. Mwanangu hakuteseka. Angepata hata nafasi ya kushika simu, angempigia dada yake kwanza." Wageni wanaitikia, wanasema ni kweli. Mama ameegemea hapo tu, hana pengine. Nami nakaa pembeni nikimenya viazi.

Jumanne, 19 Machi

Ya kutisha. Nyumba ya ghorofa, mwanamke aliyevaa nyeupe, ngazi zinalia. Niliitazama nusu yake nikiwa nimefumba macho. Mama akauliza, "Mbona umenyamaza? Nini kinaonekana?" Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi leo hapa tuko vipofu wawili," akacheka hadi akakohoa. Ni mara ya kwanza anacheka tangu msiba.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimeharibu.

Ilikuwa ya kulia. Mtoto anaugua nyumba ya mbali, baba yake anapanda farasi kumfuata daktari, mto umejaa. Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi hii, nasimulia hadi matope kwenye suruali ya yule baba. Nikasema, "Daktari ameingia. Amemshika mtoto mkono. Anatikisa kichwa. Mtoto ameshafariki."

"Nani amefariki?"

"Mtoto, mama."

"Hebu tazama vizuri."

"Natazama."

"Hii niliisikia mwaka juzi. Daktari anawahi. Mtoto anafumbua macho, anaomba uji, baba yake anauunguza kwa haraka."

"Mama, wamemfunika shuka."

Muziki ukaendelea. Kisha mama akasema, "Zima," kwa sauti ndogo.

Nilikwenda kuitafuta kwenye daftari. Hii hapa: "Ya kulia. Mtoto anakufa. Nzuri mno, sitaitazama tena. M: daktari anawahi, mtoto anataka uji."

Hizo M nilikuwa nimeziona kila ukurasa nikadhani ni alama za wateja wake. Nimezisoma upya zote. "M: mbwa anarudi." "M: aliikosa ile treni, kwa hiyo hakuwemo." "M: nyumba iliungua lakini wenyewe walikuwa shambani." "M: risasi ilipiga saa ya mfukoni." M ni mama. Aliandika ili asisahau amemwambia nini, siku mama akitaka kuisikia tena.

Mimi kumbe nimemwua mtoto ambaye mdogo wangu alikuwa amemponya.

Jumatatu, 25 Machi

Hatukutazama. Mama alisema kichwa kinamgonga. Mvua haikupumzika.

Alhamisi, 28 Machi

Nimejaribu kufanya kama yeye. Ya roho juu: mwizi wa benki juu ya paa, polisi chini, mwisho anateleza.

"Anateleza, mama. Anaanguka. Anaangukia... magodoro."

"Magodoro?"

"Ndiyo."

"Yametoka wapi?"

"Yalikuwa yanapita. Kwenye gari."

"Magodoro yalikuwa yanapita," mama alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaangua kicheko, mabega yanamtikisika. "Wewe dada mtu, hujui kudanganya hata kidogo! Mwenzako angeanza kuyapakia hayo magodoro tangu mwanzo wa filamu. Ningekuwa nimeshamjua hata dereva wake."

Nilishtuka. "Kumbe ulijua anabadilisha?"

"Macho ndiyo yaliyokufa, mwanangu, masikio mazima. Vinanda vikianza kulia polepole vile, hapo mtu haponi."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa anajitahidi sana. Nilikuwa nakaa tu nasubiri nisikie, huyu leo atamwokoaje?"

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini ile ya daktari ilimuumiza vile. Akakunja upindo wa shuka lake, akaukunjua.

"Ile moja niliiamini," akasema.

Jumatano, 3 Aprili

Ya kutisha. Mdoli. Hapana. Siku nyingine hapana vilevile.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya siku nne mfululizo. Nguo hazikauki, tumezitundika hadi juu ya meza. Wateja wa Hakimu wawili wamekuja kuuliza kama kibanda kitafunguliwa. Mmoja alisema, "Mimi tangu afe sijui nitazame nini. Nachukua tu, nakuta upuuzi." Nikamsomea hukumu tatu kutoka kwenye daftari akiwa amesimama mlangoni na mwavuli wake. Aliniomba nirudie moja: "Ya kulia. Hakuna anayekufa, hakuna anayeachwa, lakini utalia tu. Sijui wamefanyaje."

Kila siku namjua zaidi, na kila ninachokijua kimechelewa. Nilidhani ni mtu wa kupoteza muda. Kumbe alikuwa analala akiwaza filamu ambayo watu wanakufa, anatafuta mlango wa kuwatoa. Miaka mitatu. Nami nilikuwa chumba cha pili nikisugua sufuria kwa kishindo ili wajue nimechoka.

Na mama nilimdhania mtoto, kwamba ni mtu wa kufichwafichwa. Sivyo alivyo.

Jumapili, 14 Aprili

Mama ameniagiza nimwite yule fundi viatu. "Yeye ndiye aliyemwona mwanangu mwisho. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Nilikwenda. Fundi alikuwa chini ya mwavuli wake mkubwa, kiatu magotini, misumari mdomoni. Aliitoa misumari moja moja kabla ya kusema.

"Dada, nimekuwa nakukwepa. Simu yake ilikuwa mkononi. Jina lako lilikuwa kwenye kioo. Sijamwambia mtu."

"Najua alinipigia."

"Basi mimi nikija kwa mama nitasema nini?"

Ningeweza kumwambia aseme ukweli. Ningeweza kumwambia nitasema mwenyewe, yeye anyamaze. Nilisema, "Sema utakachoona kinafaa, fundi." Nikamtupia mzigo wangu mtu wa watu, anayeshona viatu vya watu kwenye mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimeharibu mashati mawili kazini. Matundu ya vifungo yamekwenda upande.

Jumamosi, 20 Aprili

Fundi alikuja saa tisa, amevaa shati la kutokea, amepiga rangi viatu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mama alimshukuru kwa kuja, akamwambia, "Nisimulie, baba."

Fundi akatazama kikombe chake. "Nilimkuta ameinamisha kichwa mezani, mama, kama aliyelala. Uso umetulia kabisa. Nadhani hata mwenyewe hakujua."

"Simu yake ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, mama."

"Mfuko gani?"

"Wa... shati."

"Ahsante, baba. Mungu akulipe."

Alikunywa chai ikiwa bado ya moto, akaaga. Nilimsindikiza hadi barazani. Hakunitazama, nami sikumtazama. Niliporudi ndani, mama alikuwa ameelekeza uso dirishani, mahali mvua inaposikika zaidi.

"Fundi ni mtu mwema," akasema. "Na yeye ana magodoro yake."

Hakuniuliza chochote. Nilielewa kwamba amenipa nafasi ya kunyamaza, na kwamba nikiichukua hatairudia tena hadi mmoja wetu azikwe. Nilikusanya vikombe. Nikavipeleka hadi mlango wa jikoni. Nikavirudisha mezani.

"Mama, alinipigia."

Hakugeuka.

"Alinipigia mara tatu. Sikupokea."

"Kaa," mama akasema. Nikakaa. "Nisimulie. Kama unavyonisimulia filamu. Usiruke."

"Mama, jamani..."

"Usiruke."

Basi nikasimulia. Nikasema: chumba ni kirefu, mashine kumi na mbili, ya kwangu iko ya tatu kutoka dirishani. Nimevaa gauni la bluu. Kwenye mashine kuna shati jeupe la mwanafunzi, mkono mfupi, nashona tundu la nne. Simu iko kulia, karibu na mkasi. Inawaka. Natazama. Naona jina lake.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika nane."

"Unafanya nini?"

"Nasema, Hakimu na kesi zake."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Wenzangu wanacheka."

"Na wewe?"

"Na mimi nacheka, mama."

"Endelea."

"Naigeuza simu kifudifudi. Nashona. Inatetemeka mara ya pili, inasogea kidogo juu ya meza, inagusa mkasi. Mkasi unalia. Simu naiacha. Mkasi nausogeza."

Mama alikuwa anahema kwa mdomo. Nje mvua ilikuwa nzito, ikabidi nipandishe sauti, na kuyasema maneno yale kwa sauti ya juu kulikuwa kama kuyatangaza.

"Ya tatu?"

"Ya tatu inaita muda mrefu. Nasema moyoni, nikimaliza shati hili nitampigia."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza. Nikachukua jingine."

"Kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa hiyo alikuwa anajua."

"Ndiyo, mama."

"Dakika kumi na moja mwanangu alikuwa anajua."

"Ndiyo."

Alisimama. Nilimpa mkono kama siku zote. Akaupita, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake kwa kupapasa, kiti, kabati, mwimo wa mlango. Vikombe vilibaki mezani hadi asubuhi.

Jumapili, 21 Aprili

Mama hakusema nami.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakusema. Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Hakusema. Alikula nusu.

Jumatano, 24 Aprili

Kazini mwenzangu wa mashine ya pili aliniuliza, "Mbona siku hizi simu yako umeiweka mapajani?" Nikamwambia meza ina mafuta.

Najiuliza kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Huenda nilichoka tu kuubeba mzigo huu nikamtwika kipofu. Hakimu angekufa nao, tena kwa furaha, angeuandika M na mstari mmoja. Mimi sina kipaji hicho. Hilo si sifa, ni upungufu, na mwenye kuulipia ni mama.

Ijumaa, 26 Aprili

Manyunyu tu. Mama amekaa barazani mchana kutwa na shuka mabegani. Niliposogeza kiti chake kisilowe hakukataa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa namchotea maji ya kuoga. Akasema, "Nimekasirika."

Niliweka ndoo chini. "Najua, mama."

"Hujui. Nakula chakula chako nimekasirika. Naoga maji yako nimekasirika. Nikiamka nakuta hasira imeshaamka zamani, inanisubiri tu nivae."

"Unataka niondoke kwa muda? Naweza kumwomba mama mdogo aje akae nawe."

"Mama mdogo wako anakoroma. Na nani amesema uondoke? Ukiondoka nimkasirikie nani, ndoo?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili vibaya vibaya. Mama akanisubiri nimalize.

"Sitakuambia si kitu," akasema. "Ni kitu. Nitakufa nikijua ni kitu."

"Ndiyo, mama."

"Lakini huyu waliyekuwa wananipa, aliyeinamisha kichwa mezani akalala bila kumwambia mtu, nilikuwa simjui. Usiku na mchana nilikuwa najiuliza, huyu ni nani? Mwanangu mimi akichomwa na mwiba mtaa mzima unapata habari. Mwanangu alikuwa mtu wa kupiga simu."

Akanyoosha mkono, si kwangu, kwenye ndoo, akapima maji kwa vidole. "Yamepoa haya," akasema. "Ongeza ya moto."

Alhamisi, 2 Mei

Jua kidogo asubuhi. Tumeanika magodoro ya kweli. Hakuna aliyesema kitu kuhusu magodoro, lakini niliona mdomo wa mama ukitaka kucheka.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imekatika siku ya tatu leo. Kwenye sanduku nilikuta moja ambayo Hakimu hakuiandikia neno. Nadhani hakuwahi kuifikia. Nikamwambia mama hii hatuna hukumu yake. Akasema, "Basi tuhukumu wenyewe. Ilivyo ndivyo useme."

Ya kulia. Mume na mke wazee, wanahama nyumba waliyokaa miaka yote. Filamu nzima ni kufunga vitu kwenye magazeti. Nilisimulia kila sahani. Karibu na mwisho mke anatoka kwenda kununua mkate, mume anakaa juu ya sanduku, anaegemea ukuta, na mkono wake unateleza kutoka gotini. Vinanda vilikuwa havijaanza. Mama asingeweza kujua.

"Amefariki, mama," nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akauliza, "Mkewe yuko wapi?"

"Dukani. Amesimama kwenye foleni. Anacheka na mwanamke aliye mbele yake."

"Hajui?"

"Bado."

"Nyamaza kidogo, basi," mama akasema. "Tumwache anunue mkate wake."

Tukanyamaza, sote wawili. Nilimwangalia yule mwanamke akipokea mkate, akiweka chenji mkobani, akivuka barabara polepole, akisimama kumwamkia mtu, na sikusema neno lolote hadi aliposhika kitasa cha mlango.